Masega ya gari yanaibiwa gereji hapa Dar: sheria imbane mwizi, fundi au mnunuzi?

#1 Mtoto wa Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Gari yangu ni IST, nimeitunza mwaka wa tano sasa. Mwezi uliopita niliiacha gereji siku tatu wabadilishe gasketi ya silinda hedi. Siku ya kuichukua nikasikia muungurumo si ule niliouzoea, umekuwa mzito. Nikaambiwa egzosi imelegea kidogo, itatulia. Wiki haikuisha taa ya cheki injini ikawaka, na asubuhi nikiwasha ndani ya geti harufu ya petroli inaingia mpaka jikoni.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine. Akainyanyua, akaniita nikaone mwenyewe. Lile boksi la masega limepasuliwa kwa grinda upande wa juu, ule ambao ukichungulia chini ya gari huuoni. Wamechota masega yote, kisha wakachomelea mfuniko wake vizuri kabisa. Kwa nje boksi zima. Ukiligonga linalia kama debe tupu.

Gereji wamekana. Polisi nikafungua jalada. Askari alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza swali moja lililonimaliza nguvu: "Masega yako tukiyakuta mahali, utayatambuaje?" Sikuwa na jibu.

Kwa ninavyoona tunamkimbiza mtu mdogo. Kijana wa grinda anapewa hela ya kula siku mbili tatu. Anayeufanya wizi huu uwe biashara ni yule anayenunua bila kuuliza yametoka kwenye gari gani. Nataka sheria imbane huyo: hakuna kununua masega bila kadi ya gari na kitambulisho cha muuzaji. Mnasemaje?

#2 Dereva Mtandao

Pole sana mkuu. Mimi nimeibiwa taa, vioo vya pembeni na swichi za madirisha, zote Sinza. Masega bado. Nikitoka hapa naenda kuchungulia.

#3 Mama Ashura

Naomba mnieleweshe, haya masega ni nini? Kila gereji nikienda kuna kijana ananiuliza "mama, masega yapo?" Nikadhani ananiuliza asali.

#4 Fundi wa Dampo

Mama Ashura, angalia bomba la moshi linalotoka kwenye injini. Kabla ya kufika mafla ya nyuma kuna boksi, na ndani yake kuna kitu cha udongo mgumu kama kigae, chenye vitundu vingi vidogo. Ukikitazama ni sega la nyuki, jina limetoka hapo. Vile vitundu vimepakwa madini: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto, ile gesi ya sumu inayoua watu wakiwasha gari ndani ya banda inageuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Petroli isiyoungua nayo inamaliziwa humo humo.

Kwa mleta uzi: walichokufanyia wanaita "kuchota". Wengine hawapasui boksi, wanakata kipande chote na kuunga bomba tupu. Hiyo unaigundua siku hiyo hiyo kwa sauti. Kuchota ni kubaya zaidi, mtu anakaa hata mwaka asijue.

Ila niseme ukweli ambao baadhi yenu hamtaupenda. Wenye magari wengi wanatuletea wenyewe. Ada ya shule imekaba, anakuja: "Fundi, toa masega tuuze." Namtolea, ni mali yake.

#5 Kanuni ya Adhabu

Nijibu upande wa sheria, maana #1 anataka sheria mpya kabla hatujaangalia tulizonazo.

Wizi umeelezwa kwenye kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Asije mtu akasema fundi si mwizi kwa kuwa alikabidhiwa gari kwa hiari. Kifungu kinamgusa anayechukua, na pia anayegeuza mali ya mwenzake kuwa yake kwa nia mbaya. Adhabu ya jumla, kifungu cha 265, inafika miaka 7. Halafu kifungu cha 311: kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hapo inafika miaka 10.

Tazameni hizo namba. Mpokeaji anaweza kufungwa muda mrefu kuliko mwizi. Waliotunga walishaliona analolisema mleta uzi.

#6 Mtoto wa Tabata

#5 asante. Sasa kama sheria ipo, mbona yule askari alikwama?

#7 Kanuni ya Adhabu

Amekwama kwenye ushahidi. Ukimkuta mtu na mali iliyoibwa juzi, mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi au mpokeaji asipokuwa na maelezo ya kuridhisha. Lakini kwanza lazima ithibitike kwamba mali ile ni yako, na uitambue kwa alama maalumu, siyo "inafanana na yangu". Simu ina namba zake, ng'ombe ana chapa. Masega yaliyochotwa na kutiwa kwenye kiroba hayana alama hata moja. Kesi inafia hapo, hata uwe na wakili wa namna gani.

#8 Dereva Mtandao

Lakini juu ya boksi kuna namba zimegongwa. Nimeziona kwenye Vitz yangu.

#9 Chuma Chakavu

#8, zile ni namba za aina. Vitz zenye injini ileile zinaweza kubeba namba ileile. Mnunuzi anazitafuta kwenye orodha ya simu yake, bei inatoka papo hapo. Zinamwambia lina thamani gani, hazimwambii la nani.

Na nijitambulishe, mimi nanunua skrepa, upande wa Buguruni. Nina kibali cha NEMC, baraza la mazingira, na naweka rekodi. Watu mnatupakaza matope wote. Chuma nanunua kwa kilo, kinaenda kuyeyushwa kuwa nondo. Masega hayaendi huko. Yana wanunuzi wake, wanatembea na mizani ndogo na hela taslimu, na mzigo unasafirishwa nje kwenda kusafishwa. Mkisema "wauza skrepa" mnawaacha wao na mnanikamata mimi mwenye ofisi na bango.

#10 Mnyalukolo

Uzi mzuri. Naweka kiti.

#11 Mbongo wa Minnesota

Niko Minneapolis mwaka wa 11 sasa, na hili limetutesa huku kabla halijafika Tabata. Prius yangu ilikatwa boksi la masega usiku nje ya nyumba, baridi kali mpaka theluji imeganda, na jamaa alilala chini ya gari dakika chache tu akaondoka nalo. Wanapenda haiburidi, gari la petroli na umeme, kwa sababu injini inafanya kazi kidogo, masega yanabaki na madini mengi. Malipo ya kurudisha lingine yalikaribia bei niliyonunulia gari.

Jimbo letu la Minnesota lilipitisha sheria, ikaanza Agosti 1, 2023. Kukutwa na boksi la masega lililokwisha kutolewa kwenye gari bila alama ya gari lilikotoka ni kosa. Polisi hahitaji kumtafuta mwenyewe wala kusubiri mtu alalamike. Mzigo wa maelezo unahamia kwa aliye nao. Naona hilo ndilo jibu la swali la yule askari wa #1.

California nao tangu Januari 2023 wametaja ni nani anaruhusiwa kumuuzia mnunuzi wa vyuma, na mnunuzi lazima aandike gari lilikotoka mpaka namba ya chesisi. Texas waliweka yao mwaka huo huo na kuipa jina la askari Darren Almendarez, aliyeuawa Houston Machi 2022 baada ya kuwakuta watu chini ya gari yake wakikata.

#12 Kitabu cha Hesabu

#11 pole kwa yaliyokukuta, lakini umeruka jambo. Mnasifu sheria, angalieni bei. Machi 2021 rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi, wakati dhahabu haikufika hata 2,000. Paladiamu nayo baadaye ilivuka 3,000. Rodiamu nyingi ya dunia inatoka Afrika Kusini, na Urusi ni kati ya wakubwa wa paladiamu, kwa hiyo mgodi ukisimama au vita ikianza bei inaruka. Marekani madai ya bima kwa wizi huu yalipita 64,000 mwaka 2022. Mwishoni mwa 2023 rodiamu imeshaanguka chini ya dola 5,000, na wizi ukapungua.

Sasa niambieni, ni sheria au ni soko? Mwizi hasomi gazeti la serikali. Anaangalia analipwa ngapi.

#13 Mbongo wa Minnesota

Mkuu, anayemlipa ndiye anayesoma hilo gazeti. Novemba 2022 serikali ya shirikisho ilitangaza kukamata au kushtaki watu 21 katika majimbo matano, mnyororo mmoja kutoka wezi wa California mpaka mnunuzi mkubwa wa New Jersey, na wakadai kutaifisha zaidi ya dola milioni 545. Ondoa mtu wa aina hiyo, wale wa grinda watamuuzia nani?

#14 Kitabu cha Hesabu

Atakuja mwingine. Bei ikipanda tena utaniambia.

#15 Mama Ashura

Kumbe ndiyo maana yule kijana alisisitiza kunifanyia sevisi bure!

#16 Fundi wa Dampo

Mama, hakuna sevisi ya bure mjini hapa. Ililipwa na gari yako. Usipuuze, ikaguliwe.

#17 Kijana wa Mbagala

Nyie hamjui. Haya masega yanasagwa yanakuwa madawa ya kulevya. Ndiyo maana yanatafutwa usiku na mchana.

#18 Kanuni ya Adhabu

#17 habari hiyo ina mzizi, ila ni ya Kinshasa. Mwaka 2021 kule vijana walikuwa wakitumia kitu kinachoitwa "bombé", unga wa masega uliochanganywa na vidonge na madawa mengine, na polisi walikamata watu wapatao 100. Wizi wa masega ulipanda sana mjini humo. Ya hapa, kama alivyosema #9, yanafuata madini.

#19 Kijana wa Mbagala

Sawa mkuu, ila dunia ni moja. Kilichofika Kinshasa hakishindwi kufika Temeke.

#20 Babu wa Chanika

Wajukuu, mimi nimeendesha magari tangu petroli ina madini ya risasi ndani. Hayo masega hatukuwa nayo na injini zilikuwa na nguvu. Yatoeni, gari inapumua, mafuta yanapungua.

#21 Fundi wa Dampo

Shikamoo babu. Enzi zile hata ungeyafunga yangekufa, risasi inayaua. Ndiyo sababu moja ya Afrika kusini mwa Sahara kuachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Gari inayokosa pumzi ni ile ambayo masega yameziba au yameyeyuka, na mara nyingi kilichoyaziba ni injini kula oili au plagi mbovu. Mazima hayamzuii mtu kupanda mlima wa Kimara.

#22 Babu wa Chanika

Marahaba. Lakini yangu niliyatoa 2016 na full tank inanifikisha mbali kuliko zamani. Nimepima kwa kilomita.

#23 Dereva Mtandao

Babu, mimi mwenzangu kazini alitoa, mafuta yakapanda, na sensa ya nyuma inawasha taa kila siku mpaka akafungiwa kile kidude cha kuisogeza sensa mbali na moshi ili idanganyike. Kila mtu na gari lake.

#24 Muuguzi Ilala

Nimewasoma wote, mnaongea hela tu. Mwanangu wa miaka sita ana pumu. Shule yao iko kandokando ya barabara, asubuhi magari yamejipanga yanasubiri kuegesha huku injini zinaunguruma, na watoto wamesimama urefu wa bomba la moshi. Gari isiyo na masega inatoa moshi usioonekana, huwezi hata kuukwepa kama unavyokwepa wa Fuso.

Anayenunua masega anamnunulia mwanangu kifua kibaya. Nimelisema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyolihisi kila nikimwekea dawa ya kuvuta. Sheria ikitungwa, na huyu anayetoa kwa hiari yake ili auze aguswe. Sikubaliani na #4 kwamba ni mali yake basi yameisha.

#25 Fundi wa Dampo

Dada, umenigusa. Lakini nani anapima? Hapa mjini nimefanya kazi miaka mingi, sijawahi kuona gari ya mteja wangu ikizuiwa barabarani kwa kukosa masega. Taa mbovu ndiyo, tairi kipara ndiyo, faini unalipa.

#26 Kanuni ya Adhabu

Kanuni za viwango vya ubora wa hewa chini ya Sheria ya Mazingira zipo tangu 2007, na moshi wa magari umo. Kwa hiyo #24 ana pa kusimamia. Na hoja yake inafunga tundu ambalo wote tulilipita: maadamu kutoa masega kwa hiari ni ruhusa, kila aliyekutwa nayo atasema "nimeuziwa na mwenye gari". Uuzaji wa halali ndio shuka linalofunika wizi.

#27 Mkenya Jirani

Habari za huko. Sisi tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, leseni na kila kitu. Januari 2022 umeme ukakatika nchi nzima baada ya minara kuanguka, ikasemwa watu wamefungua vyuma vyake, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya skrepa. Mei ikafunguliwa tena. Miezi hiyo wachuuzi wadogo wa mikokoteni waliumia sana, wakubwa wakasubiri tu stoo zikiwa zimejaa. Msiombe marufuku.

#28 Chuma Chakavu

#27 Mungu akubariki. Wakipiga marufuku hapa mimi ndiye nafunga. Yule wa mizani hana mlango wa kufungwa.

#29 Kitabu cha Hesabu

Uingereza walikata hela taslimu. Tangu 2013 huwezi kumlipa mtu keshi kwa skrepa.

#30 Mbongo wa Minnesota

Sahihisho dogo mkuu. England na Wales katazo la keshi lilianza Desemba 2012, ile sheria kubwa ya 2013 ikaja kuongeza leseni na kitambulisho cha muuzaji. Scotland walifuata 2016.

#31 Kitabu cha Hesabu

Asante kwa kunirekebisha, na umenisaidia. Pamoja na hiyo sheria, 2019 mpaka 2021 London ilikatwa masega kweli kweli, Prius na Honda Jazz hasa. Bei ilikuwa juu. Narudi palepale.

#32 Mtoto wa Tabata

#31, siamini kwamba bei ni kila kitu. Bei ya dhahabu iko juu miaka yote na bado sonara wa Kariakoo mwenye duka hataki kununua mkufu kwa mtu asiyemjua, anaogopa. Mnunuzi wa masega haogopi kitu. Hicho ndicho ninachotaka kibadilike.

Hapa kwetu kukata keshi ni rahisi kuliko Uingereza, kila mtu analipwa kwa simu. Laini tumesajili kwa alama za vidole. Malipo ya masega yapite kwenye simu tu, mnunuzi aandike namba ya gari na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Askari akiuliza, historia iko hapo.

#33 Kijana wa Mbagala

Laini ya shangazi, NIDA ya mjomba. Utamkamata shangazi.

#34 Muuguzi Ilala

Basi aulizwe shangazi. Angalau pa kuanzia pawepo. Leo hata wa kumuuliza hayupo.

#35 Mnyalukolo

Mimi nimekuja kwa swali jingine kabisa. Kwa nini tunaandika namba ya gari kwenye vioo na taa, lakini chini ya gari hatuandiki? Pale penye vioo wezi walipunguza kasi kwa sababu kioo chenye namba hakiuziki vizuri.

#36 Dereva Mtandao

Vyangu vilikuwa na namba na vimeibiwa.

#37 Fundi wa Dampo

#35 wazo zuri, ila boksi linapata moto sana, rangi na stika vinaungua. Igongwe kwa tindo za namba au kalamu ya kuchonga chuma, pande mbili, upande wa juu usisahau. Ukimaliza piga picha ukiwa na kadi ya gari pembeni. Wakikata boksi zima, ile ndiyo alama anayoitaka #7.

#38 Kanuni ya Adhabu

Hiyo inasaidia. Picha yenye tarehe na shahidi aliyegonga namba, hapo mwendesha mashtaka ana kitu cha kuonyesha. Haimsaidii aliyechotwa kama #1, maana mfuniko wenye namba unabaki kwenye gari.

#39 Chuma Chakavu

Kwa wa kuchota kuna njia moja. Mnunuzi akatazwe kununua masega yaliyo nje ya boksi lake. Ya kwenye kiroba yawe haramu moja kwa moja, ya nani hakuna kuuliza. Mimi ningekubali sheria hiyo kesho.

#40 Mtoto wa Tabata

#39 hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Asante mzee.

#41 Kitabu cha Hesabu

Masega yaliyopasuka yenyewe ndani ya boksi je? Au yaliyotolewa kwenye gari iliyopata ajali? Mtu wa haki atayapeleka wapi?

#42 Chuma Chakavu

Ayalete na boksi lililopasuka. Boksi halipotei.

#43 Kitabu cha Hesabu

Kwenye ajali ya moto linapotea. Bado sijashawishika.

#44 Fundi wa Dampo

Jumamosi nitakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi. Wa uzi huu anayetaka kugongewa namba aje, silipishi. Aje na kadi ya gari na asimame chini aone ninachofanya.

#45 Mama Ashura

Nakuja na Passo. Mtaniambia ukweli kama yapo au hayapo?

#46 Fundi wa Dampo

Utaona mwenyewe, mama, tunatoa sensa na kumulika ndani. Kwenye Passo sega limebanana na injini, kwa hiyo fika mapema gari ipoe nusu saa kabla sijaigusa.

#47 Muuguzi Ilala

Babu wa Chanika naye aje, tumfungie mengine.

#48 Babu wa Chanika

Nitakuja kuwasalimia. Gari naiacha nyumbani.